Gari la Balozi Halirudi Nyuma

Melchor Sotillo alikuwa saisi wa ubalozi wa Hispania mjini Roma, na kwa miaka yote aliyoshika hatamu alikuwa na swali moja ambalo hakuna aliyewahi kumjibu akaridhika: balozi hufanya kazi gani hasa?

Usicheke. Wewe unayecheka, haya, jibu. Melchor alikuwa amewabeba mabalozi wanne kabla ya huyu wa kisa hiki. Kawapeleka kwa Papa, kawapeleka misani, kawapeleka kwa makardinali na kwa mabibi ambao hatutawataja hapa, na kote huko yeye alingoja nje na nyumbu wake. Balozi anaingia mikono mitupu, anatoka mikono mitupu. Fundi viatu ukimngoja mlangoni, mwisho utaona kiatu. "Hata mwizi," alikuwa akimwambia mkewe, "akiingia nyumba ya watu hutoka na kitu."

Mkewe aliitwa Ortensia, Mrumi wa kuzaliwa, mfua nguo wa ubalozi, na ulimi wake ulifua kuliko mikono. Yeye alisema balozi ni mtu anayelipwa ili ale vyakula vya watu. Mpishi alisema balozi ni sikio la mfalme. Padri wa nyumba alisema ni kivuli cha mfalme, na Melchor akamuuliza kwa unyenyekevu kabisa, kama ni kivuli, mbona kinaugua miguu? Padri akamwambia aende zake akasugue nyumbu.

Na tuseme kweli, mabalozi wenyewe walikuwa viumbe wa kushangaza. Wa kwanza, yule aliyemleta Melchor kutoka Hispania angali kijana asiyeota ndevu vizuri, aliongea kwa pua na hakumkumbuka mtu jina, nao wakampa utawala wa Napoli nzima. Wa pili alikuwa na akili nyingi, akala dagaa wabaya wakati wa Kwaresima, akafa. Wa tatu aligombana na kardinali mmoja kwa sababu ya kiti. Ndiyo, kiti! Aliwekewa kiti kisicho na mikono, naye akasema mfalme wa Hispania hakai kama mshona nguo, akaondoka bila kuaga, na kabla ya mavuno akaitwa nyumbani akaozee shambani kwake. Wa nne alilala tu. Alilala ndani ya gari, akalala kanisani, inasemekana alilala hata mbele ya Papa, na huyo ndiye aliyesifiwa kuliko wote.

Kila mmoja wao, akiwa amefurahi au amelewa, alimwahidi Melchor jambo lilelile: "Nikirudi Hispania, wewe ndiye utakayeniendesha." Na kila mmoja aliondoka bila yeye. Wa Napoli alikuwa na saisi wa huko. Maiti haichagui saisi. Wa kiti aliondoka kwa hasira, na mtu mwenye hasira hakumbuki ahadi. Wa nne alipanda meli akiwa usingizini.

Melchor alizaliwa Sanabria, milimani, kijiji cha mawe na baridi, na mama yake Mencía alikuwa bado yuko huko. Mwaka ule wa balozi wa tano, wakati wa Kwaresima, alikuja mtawa mmoja kuhiji, mtu wa bonde lile lile, akamtafuta Melchor mpaka banda la nyumbu. Akamwambia mama hajambo, ila macho yamezima. Anakaa karibu na tanuru la mikate mchana kutwa, na akisikia mtu mwenye hatua nzito anapita, huuliza kama ni mwanawe. Watu wamechoka kumjibu siyo. Melchor alimshukuru yule mtawa, akampa mkate na jibini, kisha akaingia ndani ya banda, akalia akiwa ameegemea shingo ya nyumbu. Ortensia alimkuta hapo, akaweka kapu la nguo chini, akamfuta uso kwa aproni.

Sasa huyo balozi wa tano. Aliitwa Don Fadrique de Olmeda, mzee mwembamba mwenye mawe kwenye figo na adabu ya kizamani. Huyu alikuwa ameanza kazi akiwa katibu mdogo Jenoa, wakamhamishia Venezia, wakamsukuma Turino, kisha Roma, na katika yote hayo nyumbani kwake alikuwa amelala siku za kuhesabika. Alikuwa na shamba la milozi huko Olmeda aliloliongelea kama mtu anavyoongelea mchumba. Kila Pasaka alimwandikia mfalme akiomba ruhusa ya kurudi, na kila mwaka mfalme alimjibu kwamba hakuna mwingine wa kumwamini. Alikuwa tofauti na wenzake kwa jambo hili: aliongea na saisi wake. Gari likiwa linakwenda, alifungua kidirisha cha mbele na kuzungumza na mgongo wa Melchor.

"Melchor, mama yako yuko hai?" alimuuliza baada ya Pasaka.

"Yuko hai, Mheshimiwa. Macho tu ndiyo yamekufa."

Don Fadrique alisogea karibu na kidirisha. "Basi sikia. Siku mfalme atakaponiachia, tutakwenda sote. Kwangu kwanza, maana mimi ndiye mwenye mawe tumboni. Halafu gari ni lako, nenda nalo mpaka mlangoni kwa mama."

Melchor alikuwa ameahidiwa mara nne, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini huyu alimwamini. Alianza hata kumfundisha Ortensia maneno ya Sanabria, na Ortensia akasema lugha hiyo ni ya kuitia mbuzi.

Basi ikawa siku moja ya Juni, jua linachoma, Don Fadrique anarudi kutoka kumtembelea rafiki yake mgonjwa ng'ambo ya mto. Alikuwa peke yake ndani ya gari, na nyuma wanafuata watumishi wenye fimbo kama desturi. Melchor akakata njia kupitia Mtaa wa Wauza Kofia, ambao ni mwembamba kiasi kwamba gari likipita wenye maduka huvuta vibao vyao ndani. Walipofika katikati, mbele yao likatokea gari la balozi wa Ufaransa, farasi sita weupe, saisi mnene mwekundu juu yake.

Magari yote mawili yakasimama. Kimya.

Kila mtoto wa Roma alijua maana yake. Gari la balozi ni mfalme mwenyewe. Gari la Hispania likirudi nyuma mbele ya gari la Ufaransa, si Don Fadrique aliyerudi, ni mfalme wa Hispania, na habari hiyo itasomwa kila ikulu kabla nyumbu hawajapata maji. Kwa hiyo harudi mtu. Mtaa mwingine waliwahi kukaa hivyo mpaka usiku, magari mengine, mabalozi wengine, mpaka mwanamke mmoja akajifungulia pale pale kwa kuwa hakuweza kupita.

Mara watu wakajaa. Wahispania wa uwanja wa ubalozi wakaja na fimbo na vitunguu. Wafaransa nao wakaja. Vita vya panzi furaha ya kunguru: muuza maji akapandisha bei, muuza mikate akapita chini ya matumbo ya farasi akiuzia pande zote mbili bila upendeleo.

"We Mhispania!" alipaza sauti saisi mnene. "Nyumbu wako wamechoka, waambie wakae chini!"

"Wangu wamesimama," alijibu Melchor. "Wewe mwangalie yule wako wa kushoto, anakoroma!"

Watu wakaangua kicheko. Melchor alijisikia vizuri. Katika maisha yake yote hajawahi kurudisha gari nyuma, na hilo lilikuwa ndilo jina lake mjini.

Jua likapanda, likaanza kushuka. Kidirisha cha mbele kikafunguka.

"Melchor."

"Mheshimiwa."

"Nakufa."

Melchor aligeuka kwa hofu. "Nikamwite Padri?"

"Si kufa kwa Padri. Kufa kwa kibofu. Tangu asubuhi, na haya mawe yangu. Shuka uje ndani, upande wa duka."

Upande ule gari lilikuwa limebanana na duka la kofia, mlango kwa mlango, mtu hawezi kuona katikati. Melchor alimwachia hatamu Ginés, msaidizi wake, mtu mzima asiyeuliza maswali, akashuka kama anayekwenda kuomba maji, akajipenyeza ndani ya gari. Alimkuta Don Fadrique amepauka kama nta, jasho linamtiririka, magoti yamebanwa.

"Nipe joho lako na kofia yako," alisema balozi. "Nitapita dukani, nitoke uani, niende nyumbani kwa miguu. Wakiniona watasema saisi amekwenda kunywa. Wewe baki hapa. Gari haliwezi kuwa tupu."

"Mimi, Mheshimiwa?"

"Pazia limefungwa. Nani atajua?"

Walibadilishana nguo wakigongana viwiko. Balozi alipokuwa anashika kitasa, Melchor akamuuliza, "Na tukizidiwa? Turudi nyuma?"

Don Fadrique alimtazama. Hajawahi kumtazama hivyo.

"Gari hili likirudi nyuma," alisema polepole, "mfalme atanifukuza kazi. Kabla ya vuli nitakuwa Olmeda, mtu aliyeaibika, nimekaa chini ya milozi yangu, sina wa kunituma popote mpaka nife. Nawe utakuwa kwa mama yako." Alilisema jambo hilo la aibu kama mtu anayesimulia karamu.

"Na tukishinda?"

"Tukishinda, Mungu ndiye ajuaye. Mfalme huwalipa wanaomshindia."

"Sasa unaniagiza nini, Mheshimiwa?"

"Sikuagizi kitu. Balozi hawezi kuagiza jambo kama hilo, hata kwa kunong'ona. Mimi nakwenda kukojoa. Aliyemo ndani ya gari ndiye balozi." Akatoka, mzee wa watu, amejikunja ndani ya joho lenye harufu ya nyumbu.

Melchor akabaki. Jambo la kwanza alilofanya, tuwe wakweli, si kuwaza mfalme wala mama. Alichungulia. Miaka yote hiyo alitaka kujua mle ndani kukoje! Akagusa mahameli, akanusa, akabonyeza mto. Akakaa alivyokaa balozi, kidevu juu. Akatazama nje kwa mwanya wa pazia ili aone dunia kama balozi anavyoiona, akaona ukuta. Upande wa pili, ukuta. Mbele, makalio ya Ginés.

"Kumbe!" alisema kwa sauti. "Kumbe haoni kitu!"

Alikuwa akidhani mabalozi wanaona mbali kuliko yeye. Kumbe yeye aliyekaa juu kwenye jua ndiye aliyeona mji wote, na mheshimiwa aliyemo ndani anasukumwa tu gizani na kuambiwa tumefika. Akazidi kukaa. Mto ulikuwa laini mwanzoni, kisha matako yakafa ganzi. Hakuruhusiwa kutoka, wala kusema, wala kufanya lolote, na kadiri alivyokaa bila kufanya lolote ndivyo watu huko nje walivyozidi kupiga kelele kwamba Hispania ni imara. Hapo akaanza kuelewa, na alipoelewa mwili ulimsisimka. Kazi yenyewe ndiyo hii! Balozi ni mtu anayekaa mahali asipopataka, kwa niaba ya mtu asiyetaka kuja. Hakuna zaidi. Alitamani amkimbilie Padri amwambie.

Mlango wa upande wa duka ukafunguka, kikaingia kichwa cha Ortensia. Alikuwa amemletea mumewe maji, akamkuta Ginés kwenye kiti chake, na Ortensia si mtu wa kudanganywa na pazia.

"Mama yangu weee," alisema. "Na kofia juu! Umeingiaje humu, Melchor, umepewa cheo au umepatwa na wazimu?"

"Funga mlango, mwanamke, watakusikia!"

Alifunga, lakini akiwa ameshaingia ndani. Melchor akamweleza yote kwa kunong'ona, balozi alivyosema na asivyosema. Ortensia alisikiliza huku anampepea kwa aproni.

"Huyo mzee anakuomba urudi nyuma," alisema.

"Hakusema hivyo."

"Hakusema, ndiyo. Wewe umeishi nao miaka mingapi? Wakitaka chumvi huwa wanasema chumvi? Anakuomba. Anataka milozi yake."

"Ortensia, hili ni gari la mfalme."

"Mfalme ndiye aliyekunyonyesha?"

Melchor akaivuta kofia ya balozi mpaka machoni.

"Mimi huko kwenu sitaki hata kupaona," aliendelea Ortensia, na sauti yake ikalegea. "Baridi, mawe, lugha ya mbuzi. Lakini kuna kikongwe amekaa karibu na tanuru anakungoja, na macho hana. Mama ni mama. Unagonga mara tatu, Ginés anarudisha nyumbu, basi. Watakucheka wiki moja. Watu wa Roma hawawezi kucheka jambo moja zaidi ya wiki."

"Jina langu litakuwa limekwisha."

"Jina lako ni Melchor wa Mencía. Hilo haliwezi kwisha."

Alimbusu kwenye kofia ya balozi, akatoka alikoingilia. Na Melchor akaamua. Nataka lieleweke hilo, kwa sababu baadaye wengi walisema vingine: aliamua. Alimwona mama yake kichwani, mikono yake yenye unga, akasema moyoni, basi, yaishe, narudi nyumbani. Akainua ngumi kugonga paa la gari, mara tatu, ishara ya kurudi nyuma.

Hapo hapo Wahispania wa uwanja wetu wakaanza kuimba jina la Hispania. Wanawake kwa wanaume, mtaa mzima ukavuma. Na katikati ya zile kelele mwanamke mmoja akapaza sauti: "Mungu amweke huyo aliyemo ndani! Hajatikisika tangu asubuhi! Huyo ndiye mwanamume!"

Aliyemo ndani. Yeye! Melchor alikuwa amesikia vigelegele maisha yake yote, lakini siku zote vilipita juu ya kofia yake kwenda kwa mtu aliyeko nyuma. Leo vimetua. Akabaki na ngumi hewani. Kidogo tu, alijiambia, nisikie tena mara moja, halafu nagonga. Wakaimba tena. Tamu hiyo! Mara moja tena basi, ya mwisho kabisa.

Akasikia mlio wa magurudumu. Akadhani ni yake, akashtuka, akachungulia. Gari la Ufaransa lilikuwa linarudi nyuma. Farasi weupe wanakanyagana, saisi mnene anatukana, watumishi wanasukuma magurudumu kwa mabega. Kwa nini walirudi mpaka leo hatujui. Labda na wao walikuwa na mtu mwenye kibofu. Mtaa ukalipuka. Kofia zikarushwa mpaka madukani zikaisha. Ginés akachapa nyumbu kwa furaha, gari likaruka mbele, na Melchor akaangukia mto, ngumi yake bado imekunjwa.

Walipoingia uani na malango kufungwa, Don Fadrique alikuwa dirishani juu, amevaa nguo zake. Melchor alishuka akavua ile kofia nyeusi. Balozi alimtazama kitambo kirefu.

"Umefanya vyema, Melchor," alisema, akafunga dirisha.

Mfalme alifurahi mno. Ilipofika vuli, balozi akateremka mwenyewe bandani, jambo ambalo hakuna balozi aliyewahi kulifanya, akasimama katikati ya nyasi kavu.

"Tumelipwa," alisema.

"Tunakwenda nyumbani, Mheshimiwa?"

"Tunakwenda Vienna. Kwa Kaisari. Hakuna ubalozi mkubwa kuliko huo. Mfalme anasema mtu asiyerudi nyuma ndiye anayefaa kule, na ameamuru niende na saisi wangu yule yule."

Melchor aliendelea kumsugua nyumbu aliyekuwa ameshamsugua. Mwishowe akauliza, maana asingeweza kuishi bila kujua. "Siku ile, Mheshimiwa. Ulitaka nirudi nyuma?"

Don Fadrique alitazama mlangoni, kama mtu anayehakikisha hakuna sikio. "Nilipiga magoti pale dirishani," alisema. "Niliomba rozari nzima urudi. Niliposikia vigelegele vinakuja uwanjani, nililia." Kisha akarekebisha kola yake, akauliza kama nyumbu wataweza milima kabla ya theluji.

Melchor hakumwambia habari ya ngumi. Hakumwambia Ortensia pia mpaka walipokuwa njiani, usiku, kwenye nyumba ya wageni iliyojaa moshi. Ortensia hakumkaripia. Alimshika ile ngumi, akaikunjua kidole kimoja kimoja, akasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, mume wangu," wakalala.

Vienna walikaa miaka. Melchor aliendesha gari kwenye theluji, akajifunza matusi ya Kijerumani, akasifiwa na kuonyeshwa kwa wageni kama saisi wa lile gari. Mwaka wa pili alipita mfanyabiashara wa sufu kutoka Zamora, mzaliwa wa bonde la kina Melchor, akamletea habari ya Sanabria. Mama Mencía amefariki, wakati wa kupanda shayiri, bila kuugua sana.

"Lakini alikufa na fahari," alisema yule mfanyabiashara, akitaka kumfariji. "Mahujaji walikuja na kisa cha Mtaa wa Wauza Kofia, bonde zima tunakijua. Mama yako alikuwa akitusimulia pale kwenye tanuru kila siku, jinsi gari la mwanawe lilivyowashinda Wafaransa. Akimaliza kusimulia alikuwa anauliza jambo moja."

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza, mtu anayeweza kumshinda mfalme wa Ufaransa, nani huyo anayemzuia asije kwa mama yake?"